Kiongozi wa Timu ya Mtandaoni Halindi Kitone cha Kijani

Malalamiko kuhusu timu zinazofanya kazi kwa mtandao yanazidi kufika kwenye dawati letu la ushauri wa ajira, na mengi yana sura moja: kiongozi anahesabu watu kwa kitone cha kijani, kile kinachokaa kando ya jina la mtu kwenye programu ya mawasiliano ya kazi. Kikizimika dakika kumi, ujumbe unaingia: "Uko wapi?" Kitone kile kinaonyesha kwamba programu iko wazi, basi. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Wanaokaa jengo moja hurekebishana wakipishana koridoni. Timu iliyotawanyika haina korido, hivyo kiongozi wake hana budi kuandika. Uamuzi uwekwe siku hiyohiyo mahali wanapoweza kuufikia wote: nini kimeamuliwa, nani anatekeleza, mwisho lini, na nani aulizwe kazi ikikwama. "Tulishakubaliana kwenye simu" hakutoshi, hasa ikifika hatua ya nidhamu. Kabla ya onyo la maandishi tunashauri kiongozi athibitishe kwamba agizo lilitolewa, lilimfikia mhusika, na muda ulitosha. Kisha mhusika apewe nafasi ya kujieleza kwa maandishi, maelezo yasomwe (ndiyo, yasomwe), ndipo onyo liingie kwenye jalada, nakala apewe yeye. Ukiruka hatua moja, onyo huenda lisisimame.

Saa nazo zinaumiza. Ukiandika "kikao saa 3", mwenzako wa ng'ambo anasoma 3:00, yaani saa 9 kwetu. Andika 09:00 na utaje ni saa za wapi. Saa hiyo ya London ni jioni Tokyo, kwa hiyo usumbufu uzungushwe. Asiwe yuleyule anayechelewa kula kila wiki.

Ujumbe wa usiku? Ufaransa, tangu 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi. Ureno, mwishoni mwa 2021, ilimkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa kwa dharura isiyoepukika. Kwingineko, tafadhali someni mkataba na sheria yenu kabla ya kutupigia.

Kuhusu kamera, kikao cha kufahamiana kinastahili nyuso. Cha saa mbili za kusomewa taarifa hakistahili, na taarifa yenyewe ingetumwa tu.