Hazina arosto, lakini si salama

"Hizo hazina arosto, kaka." Kijana mmoja aliniambia hivyo kijiweni Sinza, tulipokuwa tunazungumzia LSD, kemikali inayomfanya mtu aone maruweruwe, na uyoga wa maruweruwe. Kwa hilo tu, alisema kweli. Hapa Dar tunapima kila dawa ya kulevya kwa unga, yaani heroini. Tumewaona mateja wakijikunja kwa arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, na tangu 2011 tumewaona ndugu zetu wakienda Muhimbili kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Kisichofanana na unga basi tunakiona chepesi.

LSD haimfungi mtu kama heroini. Hatari yake iko kwenye akili, na kwenye kutojua umemeza nini. Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi aliyeitengeneza, alimeza robo ya miligramu mwaka 1943 akidhani ni kidogo mno. Alirudi nyumbani kwa baiskeli, dunia ikimpinda machoni, na jirani aliyemletea maziwa akamwona mchawi. Huyo alikuwa na mizani na alijua alichopima. Wewe unayepewa gizani kikaratasi kinachodaiwa kuwa na LSD unajua nini? Kuna kemikali zinazoitwa NBOMe ambazo zimeuzwa kwa jina la LSD, na zimeua watu.

Wengine husema, "Ni mmea tu, hauna kemikali." Mnanaha nao ni mmea, unaota hata majalalani. Ukiula, mdomo unakauka, mwili unachemka, moyo unakwenda mbio, unaongea na watu wasiokuwepo. Kutoka kulewa hadi kufa ni hatua fupi. Uyoga wa porini nao usiuchume kwa kubahatisha: upo unaokaa kimya tumboni saa sita au zaidi kabla hujaanza kutapika, na wakati huo ini limeshaanza kuharibika.

Kuna pia hoja kwamba siku hizi Wazungu wanatibia kwa dawa hizi. Ni kweli kwa sehemu. Tangu Julai 2023, Australia imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kumpa silosaibini, ile kemikali ya uyoga wa maruweruwe, mgonjwa wa sonona aliyeshindikana kwa dawa nyingine. Lakini mgonjwa huchunguzwa kwanza, na anakuwa na wataalamu kando yake kwa saa nyingi. Katika utafiti, mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, au mwenye ndugu wa damu anayeugua, kwa kawaida hapokelewi. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, anaweza kupata degedege. Wamazateki, wenyeji wa asili wa Mexico, nao huula uyoga huo usiku, mbele ya mganga, kwa sababu maalumu kama ugonjwa. Hawauli kwa kuchangamsha sherehe. Kwetu, sheria ya 2015 inazikataza dawa hizi, na kijiweni hakuna wa kukuchunguza.

Linaloniuma zaidi ni lile la kusema "amepandisha majini", kijana aliyemeza dawa hizi akafungwa kamba au kumwagiwa maji. Hofu ndiyo inayomzidishia. Mpeleke mahali tulivu, punguza kelele na taa, kaa naye, mwambie kwa upole kwamba ni dawa na itaisha. LSD huchukua saa nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo usimwache. Akipata joto kali, degedege au maumivu ya kifua, mkimbize hospitali, na mwambie daktari waziwazi alichomeza. Ukificha kwa kuona aibu, daktari atatibu kwa kubahatisha.