Sonona na macho: maswali na majibu

Mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akisema dunia imefifia, anatia chumvi?

Hapana, na tafadhali usimwambie hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walipima umeme mdogo unaotoka kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huku watu wakitazama miraba myeusi na myeupe mfano wa ubao wa drafti. Weusi na weupe ukikolea, retina huitikia kwa nguvu zaidi. Kwa wenye sonona iliitikia kwa unyonge, wanaotumia dawa na wasiotumia, na kadiri sonona ilivyokuwa kali ndivyo mwitikio ulivyopungua. Si kipimo cha kumtambulia mgonjwa kliniki, lakini kinaonyesha kwamba ugonjwa huu hauishii kwenye mawazo.

Mbona anadhani kila mtu amemnunia?

Mweke mbele ya picha mbili, uso unaocheka na uso wenye majonzi. Mashine za kufuatilia mwendo wa macho zinaonyesha kuwa wenye sonona, kwa jumla, hukaa muda mrefu zaidi kwenye majonzi, na kicheko hukipitia juu juu. Si kwamba huzuni huiona upesi kuliko wengine. Akishaitazama, kubanduka ndiyo kazi. Hata uso uliotulia tu, usio na furaha wala hasira, anaweza kuusoma kama umekunjwa. Kwa hiyo ukimwambia “mbona hakuna aliyekasirika?”, kumbuka kuwa yeye kaona alichokiona.

Na kusoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa?

Ni dalili inayojulikana. Umakini kupungua ni miongoni mwa mambo ambayo daktari huuliza anapochunguza sonona. Uvivu haumo.

Nimwone daktari wa macho au wa akili?

Macho yakiingia ukungu, yakiuma au uoni ukipungua ghafla, nenda kwa wa macho bila kusubiri. Baadhi ya dawa za sonona, hasa za zamani, nazo hutia macho ukungu. Mweleze aliyekuandikia, usiziache ghafla. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukizidi wiki mbili, onana na mtaalamu wa afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru, tafuta msaada leo hii.

Na dunia iliyofifia kwa sonona, hukolea tena?

Watafiti walewale wa Freiburg waliwapima tena wagonjwa baada ya matibabu. Waliopata nafuu, retina zao ziliitikia kama za watu wengine.