Ndege zinazowasumbua marubani wakati wa kutua

Tarehe 1 Agosti 1955, Tony LeVier, rubani wa majaribio wa kampuni ya Lockheed, aliingia kwenye ndege mpya ya kijasusi akiwa na kazi ndogo tu: kuikimbiza ardhini juu ya ziwa kavu la Groom, jangwani Nevada, ili aone breki na usukani vinavyofanya kazi. Hakutumwa kuruka. Ndege ikaruka. Mabawa yake yalikuwa marefu na mepesi kiasi kwamba ilinyanyuka ikiwa kwenye kasi ya kilomita 130 hivi kwa saa, kasi ambayo basi la mikoani huifikia. Uso wa ziwa ulikuwa mweupe na tambarare, hauna alama yoyote ya kumsaidia mtu kukadiria kimo, kwa hiyo LeVier alichelewa kugundua kwamba magurudumu hayako tena ardhini. Alipotaka kuirudisha chini ikagoma. Mwishowe iliigonga ardhi kwa nguvu, matairi yakapasuka na breki zikashika moto.

Ndege hiyo ni U-2. Siku tatu baadaye LeVier aliirusha kwa makusudi, na kutua kukawa mtihani kuliko safari yenyewe. Mbunifu wake, Clarence "Kelly" Johnson, alimtaka atangulize magurudumu ya mbele. Kila alipojaribu hivyo, ndege ilidunda na kupaa tena. Baada ya kurudia mara kadhaa LeVier akaamua kufuata njia aliyoiamini mwenyewe: akashusha mkia, akaacha mabawa yaishiwe kabisa nguvu ya kunyanyua, na ndege ikatulia chini.

Sisi tunaofundisha usalama wa anga tunaitumia sana habari hii, kwa sababu Johnson alikuwa miongoni mwa wabunifu hodari kuliko wote wa karne iliyopita, na hakukosea kuipa ndege yake mabawa yale. Alitakiwa kuifikisha kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 20, ambako hewa ni nyepesi mno, na kule huwezi kubaki bila mabawa marefu. Karibu kila umbo la ajabu unaloliona kwenye ndege lilitokana na haja ya kweli kama hiyo: kwenda juu, kwenda mbali, kwenda kasi, kubeba mzigo mwingi kwa mafuta machache. Shida hujitokeza pale ndege inapolazimika kuacha kuwa ndege na kuwa chombo cha magurudumu, ndani ya sekunde chache, ikiwa kwenye kasi kubwa na upepo ukiisukuma. Takwimu zinazochapishwa na Boeing zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya ajali za ndege za jeti za abiria zenye vifo hutokea katika hatua za mwisho za kukaribia uwanja na kutua, ilhali katika safari ya saa moja na nusu hatua hizo huchukua asilimia 4 tu ya muda.

U-2 bado inaruka, na bado inatua kwa taabu ileile. Ili kupunguza uzito, Lockheed haikuipa miguu mitatu ya kawaida. Ina magurudumu tumboni na mengine madogo mkiani, yote kwenye mstari mmoja. Wakati wa kupaa, kila bawa hushikiliwa na mguu mdogo wa ziada unaodondoka ndege ikiondoka ardhini. Wakati wa kurudi miguu hiyo haipo, na rubani hana budi kusawazisha mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 30 kutoka ncha hadi ncha mpaka kasi iishe na ncha moja iegemee chini kwenye chuma maalumu. Kabla ya hapo hulazimika kupima bawa lipi ni zito zaidi na kuhamisha mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Na haoni vizuri. Amevaa vazi la shinikizo na kofia kama ya mwanaanga, mara nyingi baada ya saa nyingi angani. Kwa hiyo rubani mwenzake wa U-2 humfuata kwa gari la kasi kwenye njia ya kurukia, akizidi kilomita 160 kwa saa, na kumsomea kimo kwa redio: futi kumi, futi tano, futi mbili. Kwenye futi mbili hivi mabawa yanapaswa kuacha kunyanyua. Yakiacha mapema zaidi, ndege inaanguka kama mzigo. Yakichelewa, inaelea tu juu ya hewa iliyobanwa kati ya bawa na ardhi huku njia ya kurukia ikiishia.

Suala la kutoona ndilo lililoisumbua pia ndege ya kivita ya Marekani, Vought F4U Corsair, iliyoruka mara ya kwanza mwezi Mei 1940. Naipenda ndege hii kama somo kwa sababu matatizo yake yanafuatana kama mnyororo. Injini yake kubwa ilihitaji propela yenye kipenyo cha zaidi ya mita 4. Propela ndefu kiasi hicho ingegonga ardhi, hivyo miguu ingepaswa kuwa mirefu sana, na miguu mirefu huvunjika kwenye sitaha ya meli. Wabunifu wakayapinda mabawa: yanashuka kwanza, kisha yanapanda, na mguu ukafungwa pale kwenye bonde. Hapo walifanya kazi ya kusifiwa. Kisha jeshi likataka bunduki zaidi kwenye mabawa, matangi ya mafuta yakakosa nafasi humo, tangi likahamishiwa mbele ya rubani, na kiti chake kikarudishwa nyuma karibu mita moja. Sasa rubani alikuwa na pua ndefu mbele yake, na pua ikiinuka wakati wa kutua, sitaha ya manowari ya kubeba ndege ilipotea machoni pake kabisa.

Hayakuishia hapo. Kwa sababu ya hewa iliyozungushwa na propela, bawa la kushoto liliishiwa nguvu kabla ya lile la kulia, ndege ikalalia upande mmoja karibu kabisa na sitaha. Miguu nayo ilikuwa na mrejesho mkali, hivyo ndege ilidunda. Jeshi la Majini la Marekani likaona ni afadhali Corsair zitumike kwanza kwenye viwanja vya nchi kavu, mikononi mwa askari wa Marine.

Waliozitumia kwenye meli mapema ni Waingereza, na mbinu yao ilikuwa rahisi: hawakuja moja kwa moja. Walikaribia meli kwa mkunjo wa upande wa kushoto, wakiitazama sitaha kando ya pua, na kunyoosha ndege dakika ya mwisho kabisa. Mabadiliko ya kiufundi nayo yalikuwa madogo kwa kushangaza. Kipande kidogo chenye ncha kilibandikwa kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kulia ili nalo liishiwe nguvu sambamba na mwenzake, na miguu ikarekebishwa ili isidunde. Mwaka 1944 Wamarekani nao wakaikubali kwenye meli zao.

Karibu na nyumbani, vituko vya namna hii viko kwenye ndege ndogo za gurudumu la mkiani. Askari wa wanyamapori nchini Kenya wamekuwa wakizitumia kwa doria, mathalani Piper Super Cub, kwa sababu propela inakaa juu, mbali na mawe na vichuguu, na ndege inatua kwenye kipande kifupi cha mbuga. Ila kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya magurudumu makuu. Chukua toroli la mizigo pale uwanja wa ndege, lile ambalo magurudumu yake ya nyuma hayageuki, ulisukume kinyumenyume kwa kasi: likipinda kidogo tu, uzito wake wenyewe unalizungusha. Ndivyo ndege hizi zinavyofanya. Upepo wa ubavuni ukiisukuma kidogo baada ya kutua, na rubani akachelewa na miguu yake kwenye pedali, mkia unataka kupita mbele. Hapo ncha ya bawa huburuza ardhini, na mguu unaweza kuvunjika. Ndiyo maana rubani wa ndege ya namna hii hahesabiwi kuwa ametua mpaka isimame.

Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, ilikuwa na tatizo hilohilo, likiwa limezidishwa. Miguu yake ilifungwa kwenye kiwiliwili badala ya kwenye mabawa, ili mafundi waweze kung'oa mabawa huku ndege imesimama kwa miguu yake. Kwa fundi ni neema. Kwa kijana mwenye saa chache za mafunzo, magurudumu yaliyokaribiana na kutazama nje yalikuwa hatari, na ndege nyingi ziliharibika bila kuguswa na risasi ya adui.

Abiria wengi wa Afrika Mashariki wameshawahi kupanda ndege yenye upekee wa kutua bila kujua. De Havilland Dash 8 Q400, inayotumiwa na mashirika kama Air Tanzania na Jambojet, ni ndege ya familia ya zamani iliyorefushwa hadi karibu mita 33. Kiwiliwili kirefu kiasi hicho maana yake ni kwamba pua ikiinuliwa sana wakati wa kutua, mkia unagusa lami. Kwa hiyo marubani hufundishwa kuishusha ikiwa karibu tambarare, wakiidhibiti kwa nguvu ya injini zaidi kuliko kwa kuinua pua. Ukisikia magurudumu yamegonga kwa uzito, usiharakishe kumlaumu rubani. Huenda amefanya vile hasa anavyotakiwa.

Ndege ninayotaka ieleweke vizuri zaidi ni McDonnell Douglas MD-11, ambayo kwa miaka mingi ilionekana Nairobi ikichukua maua kuyapeleka Ulaya. Iliruka mara ya kwanza Januari 1990 kama mrithi wa DC-10. Ili kupunguza ukinzani wa hewa na kuokoa mafuta, bawa dogo la mkiani lilipunguzwa kwa takribani theluthi moja, na kompyuta ikapewa kazi ya kusaidia kuituliza. Ikiwa angani mpango huo unafanya kazi. Karibu na ardhi, ndege inakuja kwa kasi kubwa kuliko nyingi za ukubwa wake, na pua ni nyepesi kuitikia usukani. Ikidunda, rubani anayeisukuma pua chini kwa haraka huiongezea mdundo wa pili, na wa tatu huwa mbaya zaidi: mguu mmoja unapokea mzigo wote, muhimili wa bawa unakatika, na bawa lililobaki, ambalo bado linanyanyua, linaipindua ndege chali.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ndege ya mizigo ya FedEx huko Newark, Julai 1997. Watu wote watano waliokuwemo walitoka hai. Narita, Japani, Machi 2009, ndege nyingine ya FedEx ilidunda kwenye upepo wa vishindo, bawa la kushoto likavunjika, moto ukawaka, na marubani wote wawili wakafa. Kati ya hizo mbili kuna ya China Airlines, Hong Kong, Agosti 1999: ilitua katikati ya dhoruba ya kitropiki, bawa la kulia likang'oka, ndege ikaishia imelala juu chini ikiwaka moto.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege yoyote inayotua Nairobi mchana wa joto huwa inakimbia kwa kasi halisi iliyozidi ile ya pwani kwa kati ya asilimia 8 na 12, hata kama kipimo cha rubani kinasoma namba ileile. Nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuizima huongezeka kwa takribani asilimia 20. Umbo la ndege na mahali inapotua ni lazima vihesabiwe pamoja.

Dawa ya mdundo inajulikana, na mafunzo ya leo yanaisisitiza: pua ishikiliwe ilipo, na kama mdundo ni mkubwa, injini zipewe nguvu zote, ndege ipae tena na kuanza upya. Abiria wengi huogopa hatua hii. Ndege ilikuwa karibu kugusa lami, ghafla inanguruma na kupanda, watu wanaanza kusali. Napenda kila msafiri ajue kwamba huyo ni rubani aliyekataa kulazimisha kutua kubaya, na mamlaka za anga hazimwadhibu kwa uamuzi huo.

Kuhusu ile ya Hong Kong: ilikuwa na watu 315. Watatu walifariki, 312 walinusurika ndani ya ndege iliyopinduka kabisa, wengi wakijikuta wananing'inia kwenye mikanda yao. Kwa hiyo mkanda na ukae chini kwenye nyonga, si tumboni, na ubane tangu ndege inapoanza kushuka hadi isimame. Ikitokea umening'inia kichwa chini, weka kwanza mkono mmoja kwenye dari ndipo ufungue kwa mwingine, usije ukaanguka na kuvunjika shingo baada ya kupona ajali. Begi liache lilipo.