Sinonimu za mitini: mti mmoja, majina matano

Niliwahi kununua pingili za mtini kwa watu wawili tofauti, moja imeandikwa Negronne na nyingine Violette de Bordeaux, zote nikalipa bei ya aina adimu, nikazipanda kwenye ndoo mbili hapa nyumbani Mukono nikazilea miaka miwili. Zilipozaa nikakata tini moja moja nikaziweka kwenye sahani moja. Ganda jeusi zote, udogo uleule, ndani nyekundu ya jamu, na majani ya miti yote miwili yamechanika vidole virefu vyembamba. Jajja mmoja, mzee wa jirani, akapita akaangalia akaniuliza, mwanangu kwa nini umepanda mti mmoja mara mbili? Alisema kweli. Wakuzaji wengi duniani wanayahesabu hayo majina mawili kuwa ya mti mmoja, na hali hiyo ndo inaitwa sinonimu.

Maana yake fupi: sinonimu ni pale aina moja ya mmea ina majina mawili au zaidi. Ipo kwenye maembe, ipo kwenye ndizi, nenda Mbarara uliza ndizi fulani alafu uliza ileile Mbale uone. Ila kwenye mitini imezidi, na ukielewa kwa nini imezidi utajua pia jinsi ya kununua bila kulia.

Tuanze na neno lenyewe aina. Kwa maharagwe aina ni kundi, mbegu nyingi zinazofanana. Kwa mtini aina ni mti mmoja tu, yani kuna mti uliota zamani mahali fulani, mtu akaonja tini yake akapenda, akakata tawi akampa ndugu yake, ndugu akapanda, akakata akampa mwingine, na hivo hivo mpaka leo, kwa hiyo mtini wa Black Mission ulioko kwenye ndoo Kampala ni mwili uleule wa ule ulioko California, umekatwa tu ukasafirishwa. Baganda wanalijua hili bila kufundishwa maana mutuba wa kutengenezea lubugo, ile nguo ya magome, unapandwa hivohivo, unakata gogo la tawi unachomeka ardhini linashika. Na mutuba, mkuyu na mtini wote ni ukoo mmoja, Ficus, ila mtini tunaoongelea hapa ni Ficus carica, ule wa kwenye Kurani na Biblia. Mambo haya ni ya zamani kuliko tunavyodhani, huko Gilgal karibu na Yeriko zilichimbuliwa tini zilizoungua zenye umri wa miaka zaidi ya 11,000, na watafiti waliozichunguza wakasema mwaka 2006 kwamba zinaonekana ni za mti usiohitaji nyigu wa kuleta chavua, yani tini zake hazina mbegu inayoota, ambao binadamu tu ndo angeweza kuuendeleza kwa kukata vijiti.

Mbegu haikupi mti ule. Ukipanda mbegu ya tini unapata mtoto mpya kabisa, na karibu nusu ya watoto hao wanakuwa mitini dume ambayo tini zake hazina la kula. Ndo maana biashara nzima ni ya vijiti.

Sasa fikiria kijiti kinavyosafiri. Kijiti hakina uso wala pasipoti, kina jina ambalo aliyekibeba amekumbuka, akisahau anakipa jipya. Dottato ya Italia ilipofika California ikawa Kadota. Sari Lop ya Uturuki, ile ya Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir, kule California ikabatizwa Calimyrna, yani California na Smyrna zimeunganishwa. Wahamiaji wa Sisilia walienda Marekani na vijiti vyao wakapanda nyuma ya nyumba, kila familia na mti wake, miaka ikapita wajukuu wakaanza kuuza kwa jina la babu au la mji, Hardy Chicago, Sal's, Marseilles Black, alafu wakuzaji walipozipanda pamoja zikafanana mpaka wenyewe wakaamua kuziita zote kundi la Mount Etna. Hakuna aliyedanganya hapo. Babu alipanda, mjukuu akataja jina alilolijua.

Ila wapo wanaodanganya pia. Jina jipya linauza, hilo ndo tatizo. Marekani kijiti kimoja cha aina inayotafutwa, kwa mfano Black Madeira au Coll de Dama, kimewahi kufika dola mia na zaidi kwenye mnada, kijiti kirefu kama penseli! Kwa pesa hiyo mtu ana sababu ya kuchukua mti wa kawaida na kuupa jina la kuvutia. Kwetu pesa ni ndogo lakini mchezo ni uleule, mi nimeombwa elfu sitini kwa kijiti ambacho muuzaji hakuweza kuniambia kimetoka mti gani, anasema tu ssebo hii ni adimu sana, Uganda nzima tuko nayo wawili.

Kuna na kinyume chake, jina moja miti miwili, wataalamu wanaita homonimu. Mfano mkubwa ni Brown Turkey, na ndo jina ninalolisikia zaidi kwenye vitalu vyetu. Brown Turkey ya Uingereza ni mti mmoja, California Brown Turkey ni mti mwingine kabisa ambao jina lake la zamani ni San Piero. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba Brown Turkey ni tamu hivi na kubwa hivi, alafu wako hauko hivo, usimlaumu mti, inawezekana umesoma habari za jirani yake.

Utatambuaje basi? Wengi wanaanza na jani na ndo wanapokosea. Mtini mmoja unaweza kuwa na jani lisilochanika kabisa na hapohapo chini lenye vidole vitano, mche mchanga majani yake hayafanani na ya mti mkubwa, alafu kuna ugonjwa wa mozaiki ambao unaleta madoa ya njano na kupindisha majani hadi umbo linapotea. Mi jani nalitumia kukataa tu. Likiwa na vidole vyembamba na jina nililopewa ni la aina ya jani pana, najua kuna kitu. Kukubali nasubiri tunda.

Tunda lenyewe uliangalie lote. Umbo, ni duara au kama peasi, shingo ipo au haipo, kikonyo kirefu au kifupi, ganda rangi gani likiiva na linapasuka au halipasuki, mbavu zinaonekana, lile jicho la chini limefunga au liko wazi na lina tone la asali, ndani rangi ya asali au nyekundu au zambarau, mbegu unazisikia kwenye meno au la, alafu ladha. Jicho kwetu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria, likiwa wazi msimu wa mvua maji na wadudu wanaingia tini inachacha ikiwa bado juu ya mti. Na usihukumu tini za kwanza kabisa, mti mchanga unatoa tini ndogo zisizo na ladha, subiri mzao wa pili na wa tatu ndo upige picha. Picha tatu: nzima, iliyokatwa katikati, na jani, zote pembeni ya kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, mi naweka sarafu ya mia tano.

Shida nyingine ni kwamba maelezo mengi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Wanakuambia mzao wa kwanza wa mwaka unaota kwenye tawi la mwaka jana unaiva mwanzo wa kiangazi chao, wa pili kwenye tawi jipya unaiva Agosti kuendelea. Sisi hatuna baridi ya kuulaza mti, tuna mvua mbili, na mtini unaweza kuwa na tini changa na mbivu kwa wakati mmoja, kwa hiyo miezi yao usiifuate. Angalia tini imekaa kwenye tawi jipya au la zamani, hiyo haibadiliki. Na mti uleule ukipandwa Kabale kwenye baridi na ukipandwa Gulu kwenye jua rangi na utamu vinaweza kutofautiana kabisa, watu wakaapa ni aina mbili.

Jibu la uhakika lipo maabara. Watafiti wanalinganisha alama za DNA za miti na wamekuta mara nyingi majina tofauti yana alama zilezile. Kule Davis, California, serikali ya Marekani inatunza mkusanyo mkubwa wa mitini hai kwa kazi kama hizo. Hata hivo DNA nayo ina mpaka wake, maana mti unaweza kubadilika tawi moja tu, rangi ya ganda ikageuka, na alama zile za kawaida zisione tofauti. Panachée ile yenye michirizi ya kijani na njano ni mfano wa badiliko la namna hiyo, nayo ni moja ya chache unazoweza kuzitambua kwa kijiti, kwa sababu michirizi iko mpaka kwenye gome la tawi changa.

Kabla ya kutoa pesa kuna swali linakuja hata mbele ya jina: huu mti unahitaji nyigu? Kundi la Smyrna, na Calimyrna ndo yumo, halishiki tunda bila nyigu mdogo anayeitwa Blastophaga psenes kuleta chavua kutoka mtini dume. California walipanda mitini ya Smyrna miaka ya 1880 wakaona tini zinasinyaa na kuanguka zikiwa ndogo, mpaka walipofanikiwa kuleta nyigu mwaka 1899 ndo wakavuna. Sisi tuna nyigu wa mutuba na nyigu wa mkuyu, lakini kila mmoja ana mti wake, hawezi kumsaidia jirani. Mtu akikuuzia Smyrna halisi hapa, hata kama jina ni la kweli na adimu kweli, umenunua kivuli. Tafuta kundi la kawaida, linalozaa lenyewe.

Kwenye kubadilishana, wenye uzoefu hawaulizi aina gani kwanza, wanauliza imetoka wapi. Kijiti kizuri kinakuja na historia: mti mama uko kwa nani, naye alitoa wapi, umeshazaa, picha ya tunda ni ya mti huohuo au imechukuliwa mahali. Akijibu yote na jina halijui, mi nachukua. Akijua jina tu na mengine hajui, naacha. Alafu lebo usiandike kwa kalamu ya kawaida, jua letu linafuta ndani ya miezi michache, tumia penseli kwenye kipande cha bati au plastiki, na uwe na daftari lenye namba ileile. Vijiti unene wa penseli, vifundo vitatu au vinne, funga kwenye gazeti lenye unyevu kidogo tu alafu kaveera, yani mfuko wa plastiki, ukituma kwa basi vinafika salama. Angalia mti mama kama una mozaiki maana haina dawa na inasafiri ndani ya kijiti, na vya kutoka nje ya nchi vipitie kibali cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea cha huko vinakotoka, kuficha kwenye begi ni kutuletea magonjwa sisi wote.

Na ukipata mti usiojulikana, uandike hivo. Haijulikani, na mahali ulipoutoa. Usiubatize. Jina jipya likishatoka halirudi, kesho liko Nairobi, keshokutwa mtu analilipia.

Mi nina mmoja nilioutoa Jinja, nyuma ya nyumba ya zamani ambayo mzee anayeitunza anasema ilikuwa ya Wahindi kabla hawajafukuzwa 1972 na mtini aliukuta. Tini ya kijani, shingo fupi, ndani rangi ya asali, jicho linafunga vizuri, inazaa yenyewe. Kila anayeiona anasema Kadota. Inaweza kuwa, inafanana, lakini nimepata mzao mmoja tu, na kwenye lebo bado imeandikwa Haijulikani, Jinja. Ukiwa na Kadota ambayo unajua mti mama wake, leta kijiti nikupe cha huu, tuzipande ndoo mbili pembeni kwa pembeni tuzikate siku moja.