Je, wajua kwa nini alama za sonona hushuka hata tiba isipofanya kazi?

Chukua PHQ-9, dodoso linalotumika sana kupima dalili za sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Mtafiti anawapima watu wengi, anawateua waliopata 15 kwenda juu, anawapa vikao vya unasihi, kisha anawapima tena baada ya miezi 2. Wastani umeshuka, tena kwa tofauti ambayo kitakwimu haionekani kuwa ya bahati. Ripoti inaandikwa: unasihi umefaulu.

Huenda umefaulu kweli. Lakini hata kama vikao vile vingekuwa vya kupiga soga tu, wastani ungeshuka. Wengi wakiambiwa hivyo hudhani ni plasebo, yaani mtu hupata nafuu kwa kuamini kwamba anatibiwa. Wengine husema maradhi hujiishia yenyewe. Hayo mawili yanaweza kuwepo, ila kuna la tatu lisilohitaji mtu yeyote aamini kitu wala apone: kurejea kwenye wastani.

Tuseme watu 600 wana hali halisi ileile, alama 8. Siku ya kupimwa kila mmoja anarusha dadu, na namba inayotokea inajumlishwa kwenye 8 yake. Dadu ndiyo usingizi mbovu wa wiki ile, ugomvi wa jana, swali lililosomwa harakaharaka. Takriban watu 100 watapata 6, hivyo jumla yao ni 14. Tunawateua hao, maana ndio wanaoonekana kuzidiwa. Wakirusha tena, dadu zao zitakuwa na wastani wa 3.5 kama za mtu mwingine yeyote, na kundi litashuka hadi karibu 11.5. Hakuna aliyetibiwa. Ile 8 iko palepale.

Binadamu hawana hali halisi moja, kwa hiyo mshuko huwa mdogo zaidi, na ukubwa wake hutegemea jinsi vipimo viwili vinavyokubaliana. Ikiwa wastani wa jamii nzima ni 6, walioteuliwa wana wastani wa 16, na uhusiano wa vipimo hivyo (0 ni kutokubaliana kabisa, 1 ni kukubaliana kikamilifu) ni 0.8, tutegemee 14 mara ya pili. Uhusiano ukiwa 0.5, tutegemee 11. Kwenye PHQ-9, badiliko la alama 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa la maana kitabibu. Dodoso legelege, basi, linaweza kuzalisha "mafanikio" bila msaada wa mtu.

Kosa linalong'ang'ania zaidi, hata kwa waliosoma takwimu, ni kudhani kuna nguvu inayowavuta watu katikati. Haipo. Rudi kwa watu wetu 600, wote warushe mara 2, safari hii uwateue waliopata 14 katika mrusho wa pili, kisha uangalie walipata ngapi mrusho wa kwanza: karibu 11.5. Je, wakati nao unavutwa kinyumenyume? Mtawanyiko wa alama za watu wote pia haupungui. Wengine wanapanda kujaza nafasi za walioshuka. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa jozi 205 za wazazi na watoto wao wazima 928. Watoto wa warefu walikuwa warefu, ila si kwa kiasi kile, na ukianzia kwa watoto warefu kuelekea kwa wazazi, mambo ni yaleyale.

Kliniki hunaswa hata pasipo mtafiti kuteua mtu, kwa sababu watu hutafuta msaada wakiwa wamelemewa hasa. Kupima mara 2 kabla ya kuanza hupunguza tatizo. Dawa yake ni kundi linganishi, yaani wasiopewa tiba hiyo, lililogawanywa kwa nasibu: nalo litashuka, na kinachobaki baada ya kutoa mshuko huo ndicho cha kuzungumzia.

Plasebo nayo huenda imesifiwa kupita kiasi kwa njia hii. Watafiti Hróbjartsson na Gøtzsche, mwaka 2001, walipitia majaribio zaidi ya 100 yaliyolinganisha plasebo na kutopewa chochote, wakakuta tofauti ni ndogo kwa sehemu kubwa, isipokuwa kidogo kwenye maumivu na mambo ambayo mgonjwa hujieleza mwenyewe. Sonona hupimwa hivyohivyo, kwa mtu kujieleza, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Kundi linganishi la wanaosubiri zamu ya kutibiwa lina utata wake pia: anayejua kwamba bado hajaanza kutibiwa anaweza kuacha hata juhudi zake za kawaida, na tiba ikaonekana bora kuliko ilivyo.