Je, wajua kwa nini antibiotiki ya bei nafuu huweza kuwa ghali kwa mgonjwa mahututi?

Katika ankara ya mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, antibiotiki mara nyingi si mstari unaoshtua, kwa kuwa fedha nyingi humezwa na kitanda chenyewe, mashine ya kupumulia na wauguzi wa zamu usiku na mchana. Ndiyo maana daktari anayeongeza siku chache za dawa kwa tahadhari huonekana hajapoteza kitu.

Lakini dozi haijipi yenyewe. Meropenemu, mojawapo ya antibiotiki hizo, kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nane, na kila mara muuguzi huyeyusha unga ulio kwenye kichupa, huitundika dripu, kisha dawa ikiisha huusafisha mpira wa dripu. Siku saba za ziada ni dozi 21. Kwa vankomisini, antibiotiki nyingine, huongezeka vipimo vya damu, maana inaweza kuumiza figo, na figo zikifeli huenda mgonjwa akahitaji kusafishwa damu kwa mashine, gharama ambayo haifanani hata kidogo na bei ya kichupa.

Je, siku hizo zilihitajika? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 401 waliopata nimonia wakiwa kwenye mashine ya kupumulia, na waliotibiwa siku 8 hawakufa kwa wingi kuliko waliotibiwa siku 15. (Walioambukizwa bakteria kama Pseudomonas walipatwa na maambukizo ya kurudia zaidi, kwa hiyo kanuni hii si ya kila mgonjwa.) Miongoni mwa waliougua tena, bakteria sugu kwa dawa nyingi walionekana kwa asilimia 62 ya waliotibiwa muda mrefu, dhidi ya 42 ya wenzao.

Hapo ndipo ilipo gharama kubwa, nayo haimo kwenye ankara yoyote, kwa sababu usugu hulipwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani au wa mwezi ujao. Daktari hulaumiwa maambukizo yasiyotibiwa yakiua. Ni nadra mtu kulaumiwa kwa usugu. Uchunguzi wa siku moja uliofanywa mwaka 2017 katika nchi 88 ulikuta asilimia 70 ya wagonjwa mahututi wakipewa antibiotiki, ilhali waliothibitishwa au kushukiwa kuwa na maambukizo walikuwa asilimia 54. Si tofauti hiyo yote inayotokana na uzembe, kwani wengine hupewa dawa kama kinga, hasa baada ya upasuaji.

Kipimo cha prokalsitonini, protini ya damu inayopanda mtu akiwa na maambukizo makali ya bakteria, husaidia kuamua wakati wa kusitisha: katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016, muda wa kati wa matibabu ulishuka kutoka siku 7 hadi 5 bila vifo kuongezeka. Hata hivyo, kipimo nacho kinalipiwa, na daktari asipoyafuata majibu yake, hospitali hulipia vyote viwili, kipimo na dozi ambazo kingezizuia.