Okidi kwa kuvu: acheni kuongeza sukari

"Tia sukari kidogo, kuvu ipate nguvu." Ushauri huu umezagaa kwa wanaojaribu kuotesha kwa kuvu okidi za ardhini, zile Disa, Satyrium na Habenaria zinazochimbwa Nyanda za Juu Kusini kwa ajili ya chikanda, chakula cha Zambia kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi. Unaua mbegu.

Sukari ni ya njia nyingine kabisa. Mwaka 1922 Lewis Knudson alionyesha kuwa mbegu za okidi zinaweza kuota kwenye aga (ute wa mwani unaogandisha maji) yenye sukari bila kuvu yoyote. Ukitumia kuvu, kazi ya kulisha ni yake. Kuchanganya njia hizi ni kuziharibu zote mbili. Kiinitete, yaani mmea mchanga ndani ya mbegu, kina akiba ndogo mno ya chakula. Kuvu hukiingia, hujisokota ndani ya seli kuwa mafundo, nacho huyameng'enya. Kuvu ikishiba hukua kasi kuliko kiinitete, na aliyetakiwa kuliwa anageuka mlaji. Sahani ya kuoteshea hufunikwa na utando mweupe, mbegu zinakuwa za kahawia na kulainika. Kisha utasikia mbegu zilikuwa mbovu!

Kipimo ni hiki: oti zilizosagwa gramu 2.5 hadi 4, aga gramu 8 hadi 10, maji lita 1, pH (kipimo cha uchachu) 5.5 hadi 6. Basi. Chemsha kwa presha, nyuzi 121, dakika 20. Osha mbegu dakika 5 kwa jiki (ya 3.5%, sehemu 1 kwa maji 6) yenye tone la sabuni, suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa presha. Sia mbegu 50 hadi 100 juu ya kipande cha karatasi ya chujio, sentimeta 1 kwa 4, weka kipande cha kuvu cha sentimeta 1 pembeni, ziba sahani, iweke gizani kwenye nyuzi 20 hadi 25. Toa kwenye mwanga jani la kwanza likichomoza, si kabla.

"Kuvu yoyote ya mzizini inafaa." Hapana. Zitafute Tulasnella, Ceratobasidium au Serendipita, kutoka kwenye mafundo ya kuvu yaliyo ndani ya mzizi mbichi wa okidi unayoiotesha. Kata kipande cha mzizi, using'oe mmea mzima. Ukiona kijani cha Trichoderma, kuvu mvamizi, tupa sahani.

Kusia kwenye udongo wa samadi? Mbegu zitaoza.

Na wanaochovya miche kwenye dawa ya ukungu kabla ya kuihamisha wanamuua mlishaji wake. Hamisha mche na kipande chake cha aga chenye kuvu.